Siku Nilipomsafishia Mgonjwa Maneno

Mwanangu, kabla hujaripoti kazini hospitali ya Kakonko, kaa hapa kidogo. Nakumbuka asubuhi moja Kasulu, nikiwa muuguzi mpya mwenye kujisikia, aliletwa Yasinta wa Nyakitonto na dada yake. Alikuwa amejifungua wiki tatu nyuma. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa mgeni mkoani kwetu, Kiha hajui hata salamu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Yasinta akasema polepole, macho chini: kila akienda kuchota maji, sauti inamwambia amtupe mtoto mtoni.

Looo! Kwetu maneno kama hayo hayatolewi mbele ya mgeni, tena mwanaume. Niliona aibu utadhani nimeyasema mimi. Nikamwambia daktari, "Anasema amechoka, hapati usingizi." Akaandika dawa ya usingizi, akawaruhusu waende nyumbani.

Bibi Leokadia, mfanya usafi wetu, alikuwa anadeki pale mlangoni. Muha mwenzetu, alisikia yote.

"We binti, umemtibu nani? Yule mama, au aibu yako?"

"Bibi, nimemsitiri tu."

"Umemsitiri! Na mtoto je?"

Nilitoka mbio. Niliwakuta nje ya geti wakisubiri gari, mtoto yuko mgongoni kwa Yasinta, nikawarudisha. Nikamwambia daktari nimekosea, nikayasema yale maneno yote kama yalivyotoka. Hakunigombeza. Alimuuliza Yasinta maswali mengi, nami nikapeleka na kurudisha bila kupunguza. Akalazwa siku ileile, dada akabaki kumshika mtoto. Yasinta alilia sana, kisha akaniambia, "Sasa umenisikia."

Alipona. Mtoto yule leo ni baba wa watu, anauza maharage sokoni. Kila akiniamkia, nalikumbuka lile geti.

Basi mwanangu, malaria wataipima kwa damu. Ugonjwa wa akili daktari anaupima kwa maneno ya mgonjwa, na ukiyapunguza umeharibu kipimo. Peleka yote, hata yanayokutia haya. Ukikosa neno la Kiswahili, usijifanye unalijua. Sema umelikosa, ueleze kwa urefu. Na usimjibie mgonjwa.

Nenda salama. Mungu akupe masikio ya Bibi Leokadia, na kila mama utakayemhudumia arudi nyumbani na mtoto wake mgongoni.