Matofali ya Upande wa Kibla

Daktari alisema kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Si mito, alisisitiza, maana mito inakunja shingo tu. Kitanda chenyewe kiwekewe kitu kigumu chini ya miguu ya mbele, ili mama alale kwa mwinuko na maji yasimpande kifuani. Moyo wake ulikuwa umetanuka, na kila akijilaza alisikia kama mtu amemkalia. Daktari alikuwa mtu wa pwani, bado anavaa sweta hata Januari, na alitueleza kwa kiganja alichokiinamisha hewani, taratibu, kama anayefundisha watoto mlima ni nini. Mama alimtazama kwa huruma. Alizaliwa kwenye mteremko, akaolewa kwenye mteremko, akalima maharage na kabichi kwenye mteremko. Watu wa Mazinde, huko chini barabarani kwenye tambarare, aliwaita watu wanaoishi kwenye sinia.

Kaka yangu alipanda kutoka Muheza kuja kufanya hiyo kazi. Yeye ni fundi ujenzi, na kwa kuwa ni fundi hakubali kuambiwa kitu. Sakafu ya nyumba yetu aliimwaga yeye mwenyewe baada ya baba kufariki, wakati tunaiondoa ile ya udongo. Aliweka tofali moja la saruji chini ya kila mguu wa mbele wa kitanda, akarudi nyuma hadi mlangoni, akafumba jicho moja.

Nikamwambia, "Kaka, hukuja na pimamaji?"

"Pimamaji ya nini? Tofali ni tofali. Kichwa kimepanda tofali zima."

Ilikuwa kweli, kilipanda tofali zima kutoka sakafuni. Mama akalala, akavuta pumzi, akasema anaona nafuu. Nadhani alisema hivyo ili mwanawe aondoke na moyo mweupe. Kaka akarudi Muheza, na mimi nikabaki na mama, kama nilivyobaki tangu ndoa yangu ilipovunjika.

Nafuu haikuja. Mama aliendelea kukabwa, anaamka anashika ukingo wa kitanda, mdomo wazi, macho yananitafuta. Nilizoea kumkalisha na kumwegemeza kifuani kwangu mpaka pumzi irudi. Tulipokwenda hospitali daktari aliuliza swali lile lile: "Kitanda mmeinua?" Nikajibu tumeinua. "Na bado?" Bado. Akawa anaandika, anaongeza vidonge vya kupunguza maji, na nikaona usoni mwake kwamba alikuwa amefunga hesabu yake. Kama mwinuko haukusaidia, basi moyo ulikuwa umechoka kuliko alivyodhani. Hakutwambia hivyo moja kwa moja. Alimwambia mama apunguze chumvi.

Tuliporudi, mwendo wa kutoka barabarani hadi nyumbani tulipumzika mara nyingi. Mama alikaa kwenye kila jiwe. Nami nilikaa naye, nikisema nakaa kwa ajili yake, ingawa mapafu yangu yalishukuru. Ukungu wa msitu wa Magamba ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na jirani akapita na mzigo wake wa majani ya ng'ombe, akatoa shikamoo bila kupunguza mwendo. Mama alimwitikia, akamfuata kwa macho mpaka akapotea juu. Nilimwona mama akimwonea wivu.

Kisha kaka akatuma kifurushi cha machungwa. Watu wa Muheza wakikosa la kusema hutuma machungwa. Siku hiyo mama alikuwa ameketi uani akiota jua, na mimi nilikuwa nimetoa godoro nje lipigwe upepo. Niliingia chumbani na mfuko, mfuko ukachanika mlangoni. Machungwa yakatawanyika, na yote, bila hata moja kubisha, yakaenda upande mmoja. Yalipita chini ya kitanda, yakaishia kwenye yale matofali mawili ya upande wa kichwa.

Niliyaokota, nikayaweka tena mlangoni. Yakaenda kule kule. Nikachukua sinia, nikaliweka juu ya mbao za kitanda, nikamimina maji. Nilitegemea yajae upande wa miguuni. Yakatulia sawa pande zote.

Nilikaa kwenye sakafu ile. Kaka aliimwaga ikiwa na mteremko makusudi, ili nikipiga deki maji yatoke yenyewe ukutani kwa upande wa bondeni, ambako aliacha tundu. Miaka yote nimesukuma maji yale kwa fagio, na sikuwahi kufikiri kwamba nakaa kwenye nyumba iliyoinama. Kwetu kila kitu kimeinama. Mtu hashtuki kwa mteremko mdogo kama ule. Macho yameshauhesabu kuwa tambarare. Na kichwa cha mama kilikuwa upande wa bondeni, kwa hiyo tofali la kaka lilikuwa limeufidia mteremko wa sakafu, basi. Mama hakuwa amelala kwa mwinuko hata siku moja. Alikuwa amelala sawasawa kama mtu wa Mazinde, na kabla ya hapo, kwa miaka, alilala kichwa chini.

Nilimpigia kaka. Nikamweleza habari ya machungwa na sinia la maji. Akasema, "Kigeuze. Kichwa kiwe upande wa mlimani."

Jambo jepesi. Tatizo ni kwamba kwetu kibla iko upande wa bondeni. Kugeuza kitanda kulimaanisha miguu ya mama ielekee kibla.

"Haiwezekani," mama alisema.

"Mama, wewe mgonjwa. Mungu anajua."

"Anajua, ndiyo. Sasa nimnyooshee miguu nikiwa karibu kwenda kwake?"

Kaka alipanda tena, safari hii na pimamaji, na akaiweka kila mahali, sakafuni, dirishani, kitandani, uso umemwiva. Kukilaza kitanda kwa kukingama hakukuwezekana, chumba ni chembamba. Kuvunja sakafu kungejaza vumbi la saruji, na mama alikuwa hana pumzi ya kugawana na vumbi. Akamsihi waende Muheza, kwenye nyumba yake, ambako sakafu ni sawa na kitanda kinaweza kuelekezwa popote. Mama akamjibu kwa Kishambaa, maneno mawili matatu. Alimwambia kwamba hashuki mlima ili akafie kwenye joto.

Kwa hiyo kaka aliongeza matofali. Aliyapanga mpaka upande wa kichwa ukawa juu kuliko kiuno changu, akapigilia ubao miguuni ili mama asitoke. Pimamaji ikakubali. Sasa ulikuwa mwinuko kweli.

Na mama akalala. Hilo nalisema wazi kwa sababu ndilo linaloniuma. Kwa siku chache alilala usingizi wa mtoto, na nilisimama mlangoni nikisikiliza pumzi inaingia na kutoka bila kugombana na mtu. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na hasira ndani yake. Kumbe ilikuwa inawezekana. Miezi yote ile iliwezekana.

Lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Maji yaliyoacha kifua yakashuka miguuni, miguu ikavimba mpaka ngozi ikang'aa, na mwili wake ukawa unateleza. Kila asubuhi nilimkuta amejikusanya kwenye ubao wa miguuni, magoti yamekunjwa. Nilipitisha kanga chini ya makwapa yake nikamvuta juu, na ilipofika saa nne alikuwa ameshashuka tena. Hakulalamika mpaka siku moja nilipokuwa namvuta.

"Maisha yangu yote nimepanda," alisema. "Na kulala pia nipande?"

Akaniomba nimlaze tambarare. Si sakafuni, si Muheza, hapo hapo kitandani, nitoe matofali yabaki mawili ya mwanzo. Nilimwambia hapana. Akaniomba tena kesho yake, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Nilimwambia, "Mama, ukilala sawa utakufa." Akanitazama kama alivyomtazama daktari na kiganja chake. Nikambeba nikampandisha.

Alifariki mchana, mimi nikiwa nimeshika kanga. Alikuwa ameteleza na nilikuwa namvuta, na katikati ya kuvuta akawa mzito.

Wanawake waliokuja kumwosha walishangaa kitanda kile. Mmoja wao, shangazi yangu, aliuliza nani alimlaza mgonjwa kama anayepanda paa. Wakaniambia nitoe matofali. Niliyatoa mwenyewe, moja moja, nikaacha mawili ya mwanzo, na mama akalazwa sawa.

Kaburi kwetu huchimbwa kukingama na mlima, kwa sababu maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na kibla iko bondeni. Kichwa na miguu vinakaa usawa mmoja. Kaka alisimama ukingoni akitazama chini kwa jicho moja, kwa mazoea, kisha akafumba yote mawili. Hapakuwa na cha kurekebisha. Nilifikiri, basi, ameipata tambarare yake, na sikuona faraja yoyote katika wazo hilo. Bado sioni.

Ule mlima wa matofali kaka hakuubeba. Upo nyuma ya nyumba, umeota ukungu wa kijani. Mimi nimehamia chumba cha mama kwa sababu kinapata jua la asubuhi. Mwaka huu nimeanza kukaa kwenye yale mawe ya njiani, na sina wa kumsingizia. Viatu vinanibana jioni. Juzi nilikwenda hospitali, nikamkuta daktari yule yule, bado na sweta. Alinisikiliza kifua, akaweka chombo chake mezani, akainamisha kiganja hewani na kuniuliza kama nyumbani kuna kitanda kinachoweza kuinuliwa kichwani.

Nikamwambia kipo.