Kaseti iliyomnyima kaka yangu kazi ya Butere

Wakuu, natumai mko salama. Mimi si mwandishi, shule niliachia njiani, so mnivumilie. Nitaandika nilichokiona, na penye sina uhakika nitasema sina.

Miaka ya tisini, Kakamega town, nyuma ya soko, mzee tuliyemwita Baba Mmbone alikuwa na room ya video game. TV moja, machine moja, benchi mbili. Unalipa, unacheza.

Kaka yangu Lihanda alikuwa amemaliza form four na hana kazi. Alikuwa anashinda hapo.

Kulikuwa na kaseti moja ya game ndefu, ya kampuni fulani ya Japani. Ukiacha leo, kesho unaendelea ulipofika. Hakuna mtu alikuwa ameimaliza.

Baba Mmbone alipotaka kufungua room nyingine Butere, akatangaza: "Atakayeimaliza hii mbele yangu, Butere atasimamia yeye."

Kwetu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza mtu kuahidiwa. Mama aliipeleka kwa maombi kanisani. Si mzaha, wakuu, aliombea kaseti.

Lihanda akacheza wiki nyingi. Jumamosi moja, room imejaa, akafika kwa adui wa mwisho.

Picha ikasimama. Kuzima na kuwasha, kila kitu kimefutika.

Akaanza upya. Akafika tena. Ikasimama palepale.

"Lihanda, huyo adui ulikuja kumsalimia tu ama?" mmoja akasema. Benchi yote ikacheka. Kuanzia hapo wakamwita Nusura, kama mtangazaji wa mpira kwa redio bao likikosekana.

Baba Mmbone hakumtukana, lazima niseme ukweli. Alisema tu, "Mkono yako nzito, kijana yangu." Butere akampa mpwa wake. Lihanda akaenda kukata miwa.

Juzi nimesoma habari za kampuni za game za Japani za wakati ule. Kopi za wizi zilikuwa zinawamaliza, so kuna waliotega mtego ndani: kaseti ikijigundua ni kopi, inakuacha uhangaike mpaka adui wa mwisho, halafu inakwama na kufuta.

Yetu ilinunuliwa kwa wachuuzi wa Nairobi, sticker imekaa upande kama za kopi. Siwezi kuapa, lakini ilikwama vilevile.

Wajapani siwalaumu sana, mali ni yao. Baba Mmbone nadhani hakujua, na ameshafariki. Lakini mtego wa mwizi ulinasa mtu aliyelipa.

Nikampigia Lihanda, nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Kwa hivyo nilikuwa najua kucheza?"

"Ulikuwa unajua, kaka."

"Na Mama alikufa akijua sijui."

Akakata. Tangu siku hiyo hashiki simu yangu.

Somo nililopata: mtu akikwama palepale mara mbili, kagua kaseti kwanza, mkono wake baadaye.

Lakini wakuu, nyinyi mngemwambia, ama mngenyamaza? Mimi bado sijui.