Waliocheka Warudishwe

Mtu akiniambia kicheko ni dawa ya msongo wa mawazo, hasira hunipanda kabla hajamaliza kusema. Si kwamba anadanganya. Najua kinafanya kazi. Kilinifanyia kazi mimi, katika kambi ya waliofukuzwa makwao hapa Eldoret, nikiwa nimevaa sweta ya mtu nisiyemjua, wiki chache baada ya duka la mama yangu kule Soy kuchomwa.

Kila asubuhi baada ya uji, mshauri mmoja kijana kutoka Nairobi alitupanga duara kwenye nyasi zilizokanyagwa hadi zikawa matope. Alitufundisha kuvuta pumzi, kuinua mikono, kisha kucheka bila sababu. Mwili, alisema, hautofautishi kicheko cha kweli na cha kuigiza. Siku ya kwanza tulimwona mwendawazimu. Siku ya tatu mzee mmoja fundi wa viatu alicheka kama mbuzi anayekohoa, nami nikashindwa kujizuia. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Mabega yangu, yaliyokuwa yamekaza tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe, yakashuka. Mchana huo nilimaliza sahani yangu ya githeri.

Mama hakucheka. Alisimama kwenye duara, mikono ndani ya leso. Mshauri akamsogelea, akamwomba ajaribu kidogo tu, kwa ajili ya afya yake.

"Kijana wangu," mama alisema, "wale waliochoma duka langu walikuwa wanacheka. Niliwatambua kwa hicho kicheko. Walikuwa wateja wangu."

Mshauri akaandika kitu kwenye karatasi zake. Sisi tulidhani anaandika mahudhurio.

Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa kwenye hema la ofisi: watu walio tayari kurudi makwao. Fundi wa viatu alikuwemo. Nami nilikuwemo, kwa kuwa nilishapata kitambulisho na nilihesabiwa mtu mzima wa kujitegemea. Mama hakuwemo. Lori lingekuja Ijumaa, na kadi za chakula za walioorodheshwa zingefutwa. Nilikuwa nimecheka vizuri, kwa hivyo nimepona, kwa hivyo naweza kwenda kulala peke yangu juu ya jivu na kuwasalimia majirani wale wale.

Nilimfuata mshauri nikamwambia afute jina langu. Akajibu kwa upole kwamba orodha imeshapelekwa juu. Kufuta hawezi, kuongeza anaweza. Macho yake yalikuwa na huruma, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi hadi leo. Hakuwa mtu mbaya.

Nilimwambia mama sitapanda hilo lori, hata nikilala nje ya ua wa kambi. Akaniuliza nitakula nini. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, taratibu, kama anayeenda kanisani, akaelekea mezani kwa mshauri.

"Andika," alimwambia.

Akainua mikono kama tulivyofundishwa, akacheka. Ha. Ha. Ha. Kila kimoja peke yake, kikavu, huku akimtazama kijana wa watu machoni. Waliokuwa kwenye foleni ya maji waligeuka. Hakuacha mshauri alipomsihi aketi, wala mimi nilipomvuta gauni nikilia. Alicheka mpaka kalamu ikagusa karatasi, na jina lake likaandikwa chini ya langu.