Miguu ya Kinyozi Mnara

Ndani ya saluni ile mwenye haki ya kukaa alikuwa mmoja tu, naye ni mteja. Kinyozi hakukaa. Watu walimbatiza jina la Mnara, si kwa urefu, maana urefu hakujaliwa, bali kwa sababu tangu afungue mlango asubuhi mpaka aufunge jioni alikuwa wima nyuma ya kiti cha kuzunguka, kifua mbele, ulimi ukichapa kazi kuliko mkasi. Ufundi aliurithi kwa baba yake, pamoja na imani kwamba kinyozi akionekana amekaa, mtaa utasema amekosa wateja. Binti yake, aliyenyoa kwenye kiti cha pili, naye alisimama kutwa. Lilikuwepo benchi la wanaosubiri, na hata hilo Mnara alilitazama kwa jicho baya.

Miguu yake, lakini, haikuwa imeshirikishwa katika imani hiyo. Kuanzia nyuma ya goti hadi chini mishipa ilikuwa imevimba na kujipindapinda, ya kijani na zambarau. Jioni miguu ilikuwa mizito, na karibu na kifundo ngozi ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa nyembamba, tena inawasha. Mkewe alipomsihi aende hospitali, alijibu kwamba hiyo ni mishipa ya kazi, na mwanamume asiye nayo aulizwe anashinda wapi. Kisha akaacha kuvaa kaptula, akahesabu kwamba amejitibu.

Ukitaka ushauri mbaya, nenda saluni. Mteja mmoja alisema ni baridi imeingia mifupani. Mwingine alisema afunge kamba chini ya goti ili damu ishike adabu. Wa tatu alimjua mtu aliyepasuliwa mishipa na hakutembea tena. Alipobanwa aseme ni nani, ikawa hamjui yeye hasa, anamjua anayemjua. Mnara, aliyekuwa na jibu la kila jambo kuanzia siasa hadi kikohozi cha mtoto, safari hii aliokota habari ya huyo wa tatu na kuihifadhi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kinyozi asiyeweza kusimama, alijiuliza, ni nani tena? Swali hilo hakumwambia mtu.

Jumamosi moja saluni imejaa, kitini alikaa mbishi mwenzake wa miaka mingi, dereva mstaafu wa ambulensi. Mnara alikuwa amemaliza shavu moja, la pili bado lina povu. Huku wembe ukisubiri amalize hoja yake, kisigino cha kiatu cha kulia kilikuwa kinakuna kifundo cha mguu wa kushoto, na raha aliyoisikia haisemeki. Mara akahisi ujotoujoto ndani ya soksi.

Dereva aliteremsha macho, akaona damu sakafuni. Alishika sikio lake la kulia, akalikuta. Akashika la kushoto, nalo lipo. Akauliza kwa sauti ya mtu anayejiandaa kwa lolote amekatwa wapi.

Mnara akapandisha suruali, na hapo benchi zima likasimama, kwa maana damu ilikuwa inaruka kutoka pale penye ngozi nyembamba. Yule wa kamba alikwishavua mkanda wake. Dereva akainuka, shuka ya kunyolea shingoni na povu shavuni.

"Mkanda wako urudishe kiunoni," alimwambia. "Na wewe Mnara, lala chini."

Mnara akasema hawezi kulala mbele ya wateja.

"Lala, au nikulaze mimi."

Akalala. Dereva aliupandisha ule mguu juu ya kiti cha mteja, juu kuliko kifua cha mwenyewe, akaweka taulo safi palipokuwa panavuja na kukandamiza kwa kiganja bila kuchungulia. Binti alishika kichwa cha baba yake akilia kimyakimya. Aliyepita mlangoni angeona kinyozi yuko sakafuni, mguu umekalia kiti, na mzee mwenye ndevu upande mmoja amepiga magoti akimwamuru atulie. Damu ikakatika. Wakampeleka hospitali.

Daktari alipitisha kipimo cha kuonyesha mishipa kwa ndani juu ya mguu wake, akamweleza taratibu. Damu kushuka miguuni si kazi. Kazi ni kurudi juu. Shavu la mguu ndilo linaloisukuma mtu anapotembea, na ndani ya mishipa kuna vilango vinavyojifunga nyuma yake isianguke tena. Vya Mnara vilikuwa vimelegea, damu inarudi chini, inatuama, mishipa inavimba. Na anayesimama kutwa mahali pamoja, alisema, shavu lake halifanyi kazi yoyote. Mnara aliinama. Maisha yake yote alijivunia uhodari, kumbe shavu la mguu wake lilikuwa likizoni.

Dawa ilikuwepo. Wangempiga ganzi, wapitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa unaovuja, waufunge kwa joto, na damu ifuate mishipa mingine iliyo mizima. Angerudi nyumbani siku ileile.

"Kwa miguu yangu?"

"Kwa miguu yako. Na nikisikia umejilaza tu ndani, tutagombana."

Kisha akauliza kama kwao kuna mwingine aliyeugua miguu. Mnara akakumbuka baba yake. Kidonda kilimtoka juu ya kifundo na hakikufunga miaka yote ya mwisho. Alikizungushia matambara, wateja wakamkimbia kwa harufu, akafa akiamini ni adhabu ya jambo asilolijua.

"Kile kingetibika?"

Daktari alisema hawezi kuapia mguu ambao hakuuona, lakini vidonda vingi vya namna hiyo hupona mguu ukifungwa bendeji za kubana na mshipa wenyewe ukatibiwa. Tena matatizo haya mara nyingi hutembea katika ukoo. Mnara alilia pale pale, bila kujificha.

Mshipa ulipokwisha kufungwa, alirudi saluni akiwa amevaa soksi ya kubana, ambayo alitakiwa kuivaa asubuhi kabla miguu haijavimba. Kuivaa kwenyewe kulikuwa vita kati yake, mkewe na kitanda. Wateja walimcheka hadi wakachoka, na dereva alisema kiti kile kilikuwa hakijawahi kukaliwa na mguu mtukufu namna ile.

Mchana, wateja walipopungua, Mnara alimgeukia binti yake.

"Hebu nionyeshe miguu yako."

Binti alicheka. Alipoona baba hacheki, akapandisha suruali. Nyuma ya goti mishipa ya buluu ilikuwa imeanza kujichora, na mmoja ulikuwa umekwisha kuvimba.

"Tangu lini?"

"Muda sasa. Jioni inauma."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa, baba."

Mnara alikizungusha kiti cha wateja, akamkalisha, akavuta kreti na kuipandisha miguu yake juu. Mteja mmoja akaingia na kuelekea kitini moja kwa moja. Mnara akamzuia kwa mkono.

"Subiri kidogo, bwana," alisema. "Kiti kina mwenyewe."