Nisome Mbele Yako

Mwanangu, bado naikumbuka siku niliyorudi nyumbani Lemara saa nne asubuhi, mwiko wangu kwapani, nimefukuzwa kazi. Nilikuwa mpishi wa kampuni moja ya kupeleka watalii kambini, ofisi yake Sakina. Kosa langu lilikuwa kukataa kupika nyama iliyokwisha kunuka. Bosi akafungua mkataba, akanionyesha kifungu cha tisa: mwajiri anaweza kumwachisha mfanyakazi wakati wowote, bila sababu. Chini yake ilikuwepo sahihi yangu.

Mkataba ule sikuusoma. Usinicheke. Kazi nilitafutiwa na baba mdogo, naye siku ya kusaini alikaa pale pale mezani na koti lake la kanisani. Kwetu Ngaramtoni, kusoma karatasi mbele ya mzee aliyekudhamini ilikuwa sawa na kumwambia humwamini. Nikasaini chapuchapu, meno yote nje.

Basi nikajifungia ndani wiki mbili kwa aibu, nikimdanganya mke wangu kwamba nipo likizo. Aliyenitoa ni jirani yetu Bi Zaituni, mstaafu wa chama cha wafanyakazi.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba. Likizo gani hii inayokukondesha?"

Nikamweleza yote. "Nimesaini mwenyewe, mama. Nitalalamika nini?"

"Umesaini, sawa. Na sheria ya nchi umeifuta kwa kalamu yako? Mtu haachishwi kazi hivihivi. Lazima iwepo sababu ya kweli, aelezwe kosa lake, asikilizwe. Kifungu kinachoondoa hayo hakina nguvu, hata ukisaini mara mia. Ila siku za kulalamika ni thelathini, na kumi na nne umeshazilalia. Vaa viatu."

Nikavaa, tukaenda kuandikisha malalamiko kwenye tume ya usuluhishi. Siku ya usuluhishi bosi aliulizwa sababu, akajibu, "Kifungu cha tisa."

"Hicho nimekisoma," msuluhishi akasema taratibu. "Nauliza alikosa nini."

Bosi akacheka mwenyewe, akakubali kunirudisha kazini. Jumatatu nilirudi jikoni. Nikaoka mkate kwa makaa, naye akala vipande vinne bila kutaja kifungu chochote. Nilikuwa na furaha kama siku ya harusi yangu.

Kifungu cha notisi, kile cha kutoa taarifa kabla ya kuacha kazi, hicho kiheshimu, kinakubana na wewe. Nilipoacha kazi miaka mingi baadaye nilitoa siku zangu ishirini na nane, wakaniaga kwa pilau.

Sasa, mwanangu, kesho unasaini mkataba wako wa kwanza, na aliyekudhamini ni mimi. Nitakuwa nimekaa pembeni na koti langu. Usione haya. Usome mbele yangu, mstari kwa mstari, uulize usipoelewa, na usiporidhika rudisha kalamu. Nitasubiri hata mpaka chai ipoe. Mungu akupe kazi unayoipenda, bosi anayesikiliza, na jirani kama Bi Zaituni.