Mshenga Aliyeapa Kutosema Uongo

Jambo hili huwa nalisimulia nimeangalia chini, na mke wangu akianza kulisimulia yeye naondoka kabisa, kwa hiyo sikilizeni leo nikiwa bado na ujasiri.

Mimi ni fundi cherehani hapa Nachingwea. Kanisani kwetu kulikuwa na semina ya utakatifu katika dunia ya sasa, na mhubiri akatuambia Mkristo wa leo anamalizwa na uongo mdogo mdogo, ule wa kusema kwenye simu "nipo njiani" na wewe bado unatafuta soksi. Jamani, nililia! Sisi mafundi (mnatujua) maisha yetu yote ni "njoo kesho, bado vifungo tu". Nikasimama nikaapa mbele ya kanisa zima kwamba uongo hautatoka tena kinywani mwangu.

Sasa wiki ileile nilikuwa mshenga. Mpwa wangu Edgar alikuwa amempata binti wa Nandagala, kule Ruangwa, nikatumwa kumposea. Nikaongozana na rafiki yangu Bakari, mkulima wa korosho, Mwislamu safi mwenye pikipiki nzima. Na kwa kuwa sikuwa na nguo ya maana, nikavaa suti ya mteja ambayo nilikuwa nimeshaimaliza, nikajiambia kuvaa siyo kusema.

Tukapokewa vizuri, sebule imejaa wazee.

"Habari za Nachingwea?" akauliza Mzee Kasiani, baba wa binti.

"Siyo nzuri. Mgongo unaniuma na mke wangu amenuna."

Bakari akacheka kwa nguvu ili ionekane ni utani.

"Kijana wenu anafanya kazi gani?"

(Edgar alishanielekeza niseme mfanyabiashara.) "Ana meza ya kuchaji simu za watu sokoni, na wiki iliyopita moja ilimpotea."

"Pombe?"

"Ameacha."

"Lini?"

"Jumanne."

Bakari akanikanyaga mguu, lakini mimi moyoni nilikuwa nawaka, naona malaika wananiandika kwa kalamu nzito, mpaka mlango ukafunguliwa akaingia baba mdogo wa binti, mwalimu mstaafu, ambaye kumbe ndiye mwenye suti, na mimi mteja huyo nilikuwa namjua kwa sura na vipimo tu, sikuwahi kumuuliza ana ndugu wapi.

"Aa, fundi! Suti yangu imefikia wapi?"

Ndugu zangu, nilitafuta jibu la kweli lisilo na madhara, sikuliona.

"Imefikia hapa," nikasema. "Ndiyo hii."

Akanisogelea, akahesabu vifungo kimoja kimoja kwa kidole. Vyote vilikuwepo.

"Vua."

"Hapa hapa, mwalimu?"

"Kwani ni yako?"

Nikavua koti, nikavua shati (hilo nalo lilikuwa lake), na nilipoanza kuhangaika na mkanda mama wa binti akanirushia khanga huku amegeuza uso. Posa nikaimalizia nimevaa singlendi na khanga ya maua. Jirani mmoja aliyechungulia akanipa pole, akidhani nimeugua ghafla.

Mzee Kasiani akatoka nje na wazee wenzake, wakakaa muda mrefu, na mimi nikawa nalia ndani kwa ndani kwamba nimemharibia kijana wa watu maisha. Waliporudi akasema, "Edgar aje mwenyewe. Tumeshamjua, hakuna tena cha kutuficha. Ila mshenga mtafuteni mwingine."

Basi harusi ilifungwa, na mshenga aliyeshangiliwa kanisani alikuwa Bakari, kofia yake kichwani.

Siku ile ya posa tukirudi, mimi nyuma ya pikipiki na khanga inapepea, Bakari aliniambia, "Fundi, dini yako naiheshimu, lakini umetakasa ulimi tu, kuanzia shingoni kushuka chini umeacha kama ulivyokuwa."

Alisema kweli. Sikutamka uongo hata mmoja, na bado sebule nzima hapakuwa na mwongo kunishinda. Kiapo changu sijakivunja, nimekiongezea tu: nguo ya mteja siigusi isipokuwa nina sindano mkononi.