Ng'ombe Waliojaa Kichwani

Nilikuwa Uyole nasimamia lori la viazi nilipopigiwa simu kwamba yule rafiki yangu wa Usangu amefariki. Nikakaa juu ya gunia. Wapakiaji wakashangaa, maana mimi si mtu wa kukaa kazi ikiendelea. Mnaonisoma hapa mnajua sisifu watu ovyo. Shule niliiacha darasa la pili, biashara ya ng'ombe nikajifunza kwa miguu yangu, na wasomi wengi nimewapita. Lakini kichwa cha mtu yule nilikivulia kofia, na leo nakivulia tena.

Miaka ya sabini, wafugaji walipokuwa wakihamia Usangu kutoka kaskazini, yeye ndiye aliyejua ng'ombe wa nani yuko zizi la nani. Wale jamaa wana desturi ya kumwachia mwenzako ng'ombe akuchungie. Yeye anywe maziwa, ndama wabaki wako. Basi likizuka neno, anaitwa. Anafumba macho, anaanza na bibi wa ng'ombe, anashuka kwa mama, anafika kwa huyu aliyesimama mbele yako, na rangi ya kila mmoja. Nilimjaribu kwa hila mara nyingi. Nilishindwa.

Halafu kichwa kikagoma. Ilikuwa joshoni, siku ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Mama mmoja mjane alimshika mtamba pembe, akasema ni wake, uzao wa ng'ombe aliyemwachia tajiri fulani. Tajiri akakana: "Huyu kazaliwa na ng'ombe wangu mimi." Mama yule hakuwa na mnyama mwingine duniani. Wote wakamgeukia rafiki yangu. Akafumba macho, tukangoja mpaka ng'ombe wakakaukiwa dawa. "Sifiki," akasema. "Naanza vizuri, katikati napotea." Watu wakacheka. "Kichwa kimebaki kibuyu!" Shauri likaahirishwa mpaka siku ya kuogesha inayofuata.

Nilimchukua kwangu apumzike. Wapi! Wengine wakashauri atafutiwe msaidizi wagawane mazizi. Mkewe, aliyekuja kumwangalia, ndiye aliyenishtua. "Shemeji, huyu hajachoka. Asubuhi kanisimulia ng'ombe tuliyemla kwenye msiba wa baba yangu, kama vile yuko zizini." Nikamgeukia mwenyewe: "Ng'ombe akifa, nani anakuambia?" Akanikodolea macho. "Akizaliwa wanakuja mbio nimshike kichwani. Akifa wanakula nyama, basi." Kumbe alikuwa anachunga mizoga! Kila akimtafuta aliye hai, anapenya kundi zima la wafu.

Tukarudi joshoni, nikawaambia wafugaji bila kuremba: mlimjaza ninyi, mtampunguza ninyi. Wakaanza. Mtu anamtaja ng'ombe wake aliyekufa, anasema, "Mtoe." Yeye anafumba macho kidogo. "Katoka." Anakuja mwingine. "Mtoe." "Katoka." Uso wake ukawa unafunguka kama mtu anayetuliwa mizigo. Ikafika zamu ya tajiri. "Yule mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, niliyeachiwa na mama huyu. Alikufa kiangazi. Mtoe."

Rafiki yangu akatikisa kichwa. "Huyo hatoki. Ameacha mtoto aliye hai." Akamnyooshea mtamba kidole. "Yule pale, ana baka la mama yake." Tajiri akaangalia chini. Mama akaondoka na mtamba wake, analia na kuimba.

Binti yangu anatunza kompyuta kubwa ya ofisi moja mjini Iringa, inayohifadhi taarifa za watu. Majuzi ilielemewa, kumbukumbu imejaa, wakubwa wakataka kuiongezea nyingine. Akakaa nayo mpaka akaujua ugonjwa: programu zinaomba nafasi, zikimaliza kazi haziiachii. Aliponieleza nikacheka mpaka machozi. "Baba, una nini?" "Mwanangu, hakuna aliyesema mtoe!" Sisi ni hodari wa kuongeza, vyeo, vikao, ofisi. Kusema kitu kimekwisha, hilo linatushinda. Na wenye pupa ya kufuta hawaulizi kama kuna aliye hai anayekitegemea.

Mazishini mzungumzaji alitusihi tumtoe marehemu moyoni, maisha yaendelee. Nikajibu kwa sauti, watu wakageuka: "Huyo hatoki." Kutoka upande wa wanawake akaitikia binti wa yule mjane, aliyekuzwa kwa maziwa ya mtamba ule: "Hatoki. Sisi tuko hai."